BAHARI NI YA WOTE, MTAMBO NI WA NANI?

Kwa miaka mingi binadamu alishindana na kilindi cha bahari kwa chuma. Mwaka 1960, Jacques Piccard na Don Walsh waliposhuka chini kabisa ya Shimo la Mariana, katika Bahari ya Pasifiki, walijifungia ndani ya tufe la chuma kinene. Kwani huko maji hulemea kwa uzito uzidio tani moja juu ya mahali palipo sawa na ukucha wa kidole.

Desemba 2019 wataalamu wa China, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, waliteremsha katika Shimo hilo hilo, kina cha mita 10,900, roboti laini yenye urefu wa sentimita 22 tu, nayo ikapiga mapezi yake pasipo gamba la chuma. Mwalimu wao alikuwa samaki mdogo mororo akaaye hata kina cha mita 8,000, ambaye fuvu lake halikukazana lote kuwa mfupa mgumu. Nao wakavitawanya vipande vya umeme ndani ya silikoni, visipate kubanana na kuvunjana. Chuma kilichoshindana na bahari kilihitaji unene. Samaki aliyepatana nayo hakuuhitaji.

Kazi hiyo yastahili sifa. Yastahili pia samaki wa mpira aliyetengenezwa Massachusetts, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 2018, baada ya kuogelea kati ya matumbawe ya Fiji akipiga picha za samaki hai. Na kama mtambo utamwokoa mpiga mbizi na kazi ya hatari, hakuna mfanyakazi atakayeuchukia, mradi asiachwe pwani bila kazi nyingine.

Lakini elimu haichagui bwana. Mwaka 2014 Jeshi la Majini la Marekani lilijaribu huko Virginia mtambo uogeleao kama samaki, kwa kazi ya upelelezi. Tena chini ya bahari kuu yamo madini ya nikeli, shaba na kobalti, na mataifa yenye nguvu yanayatazama kwa hamu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982 wasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa binadamu wote. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na Ndugu Joseph Warioba aliiongoza Tume ya kuuandalia utekelezaji. Basi haki tunayo. Lakini urithi usioweza kuufikia wala kuukagua utahesabiwa na mwingine, nawe utapewa hesabu aipendayo yeye.

Kwa hiyo twasema wazi. Sheria za bahari kuu huwataka wapewao ruhusa ya kuchunguza madini wawafundishe watu wa nchi zinazoendelea. Nafasi hizo ziombwe kila zitokeapo, na vijana wetu wapelekwe. Na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja ipewe karakana na mafundi, si vyumba vya kusomea tu. Samaki aliyewafundisha Wachina hakudai ada, na wa kwetu hawatadai.

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Huko chini, mita elfu kadha, hatujakuwapo bado.