Viazi vya Uwemba, chipsi za Makambako

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Upendo Mligo

Viazi mviringo vinavyoondoka Njombe kwa malori havifiki vyote Dar es Salaam. Baadhi ya magunia hushushwa Makambako, kilomita kama 60 tu kutoka mjini Njombe, na huko viazi humenywa, hukatwakatwa na kuzamishwa kwenye karai la mafuta kando ya barabara kuu. Nyumbani kwa mkulima wa Uwemba viazi hivyo hivyo huliwa asubuhi vikiwa vimechemshwa na maganda yake, kwa chai na chumvi kidogo. Nimekulia kwenye viazi vya namna hiyo. Wiki hii nataka kuvitetea, kwa sababu naamini miili myepesi ya wazee wetu ilitokana kwa sehemu kubwa na sufuria ile, na sisi tunaiacha bila kujua tunachokiacha.

Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walichukua vyakula 38 na kuwalisha watu kwa kipimo chenye nguvu sawa, kisha kwa saa mbili wakawa wanawauliza kila baada ya dakika 15 wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 ili vingine vilinganishwe nao. Chakula kilichoshibisha kuliko vyote, kikazidi nyama, samaki, mayai na maharage, kilikuwa viazi vya kuchemsha: alama 323. Chipsi zilipata 116. Kiazi ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba maji yametoka, mafuta yameingia, na tumbo halipati tena ule uzito unaolifanya liseme basi. Gramu 100 za chipsi zina nguvu zaidi ya mara tatu ya gramu 100 za viazi vya kuchemsha. Mlaji wa chipsi huinuka mezani akiwa amekula zaidi na ameshiba kidogo, na baada ya saa mbili anatafuta kitu kingine cha kutafuna.

Nisieleweke kwamba watu wa vijijini kwetu wana nidhamu ya kula kuliko watu wa mjini. Sijawahi kumsikia bibi yeyote wa Lupembe au Uwemba akisema amejizuia. Mwenendo wa siku ndio unaomzuia. Anaamka, anakula viazi, anakwenda shambani, na njiani hakuna kibanda cha maandazi wala friji ya soda. Mchana anakula kande, au ugali na maharage na mboga za maboga. Mafuta ya kupikia ni ya kununua, kwa hiyo yanatiwa kijiko, hayamiminwi. Jioni familia inakula pamoja kandokando ya moto, na saa tatu usiku baridi ya Njombe imeshawaingiza wote kwenye mablanketi. Kuanzia hapo hadi alfajiri hakuna kinachopita kinywani. Hakuna anayehesabu chochote. Chakula kina nyuzinyuzi nyingi, kinaliwa kwa saa zinazojulikana, na katikati ya mlo na mlo hakuna cha kumshawishi mtu. Usingizi pia unatosha, nao una kazi yake, maana asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa kuliko mahitaji yake.

Hapa najua msomaji atanikumbusha milima. Atasema mtu anayepanda na kushuka na jembe begani hawezi kunenepa hata akila nini. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, na bado naiheshimu sana milima yetu, lakini habari kutoka Ziwa Eyasi, humu humu nchini, imenifundisha kuwa mwangalifu. Mwaka 2012 timu ya mtafiti wa Kimarekani Herman Pontzer ilitoa matokeo ya kupima nguvu ambayo Wahadzabe 30 walikuwa wakiitumia kwa siku. Hawa ni watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Kila mtu alitegemea wangekutwa wanachoma nguvu nyingi kuliko wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Baada ya ukubwa wa miili kuzingatiwa, matumizi yalikuwa karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine.

Maana yake si kwamba tuache kutembea. Kutembea kunalinda moyo, kunashusha sukari kwenye damu, kunaleta usingizi mzuri, na kunamsaidia aliyepungua asirudi alikokuwa. Maana yake ni kwamba mlima hauwezi kulipa deni la karai la chipsi. Mtu akishanenepa kwa chakula, atakimbia sana uwanjani na kushangaa mzani hausogei. Wahadzabe ni wembamba, na mizizi, matunda ya porini na nyama wanavyokula havifanani kabisa na vyakula vya kwenye vibanda vyetu vya barabarani.

Sasa twende Makambako. Naupenda mji ule. Umekulia kwenye makutano: reli ya TAZARA ilipita hapo miaka ya sabini, barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, na ya Songea inaanzia hapo. Kijana anayetoka Lupembe au Wanging'ombe kutafuta maisha hufikia Makambako, anafungua duka la vipuri, la nafaka au la simu, na anafanikiwa. Mafanikio yenyewe ndiyo yanayopangua siku yake. Anakaa kwenye kiti tangu asubuhi. Nyumba ikiwa Lyamkena, bodaboda inamchukua mlangoni na kumshusha dukani. Chai anainywa na chapati mbili za mafuta, mchana anaagiza wali, na saa kumi jioni soda, ambayo katika chupa ya mililita 350 hubeba karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Usiku anafunga duka amechoka. Jirani kuna kitimoto na bia, na kama hana muda huo, kuna zege, yaani chipsi mayai. Tangu serikali iruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, mji unaopitiwa na barabara kubwa namna hii una chakula cha kukaanga saa zote. Kijana huyu si mvivu, tena anafanya kazi saa nyingi kuliko baba yake. Kilichomwondokea ni ile siku iliyokuwa ikimtunza bila yeye kuombwa ushauri.

Kuna la unga pia, ambalo watu hulipita haraka. Dona linapogeuka sembe, mashine ya kukoboa imeondoa ganda na kiini, yaani sehemu kubwa ya nyuzinyuzi na virutubisho. Tunalipia zaidi ili tupate kidogo, kisha tunamwona mwenye unga wa dona nyumbani kuwa ndiye maskini.

Mabadiliko haya hayako kwetu peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulikuta wamepita theluthi moja. Nyuma yao vinakuja kisukari na shinikizo la damu, na anayetaka kuona uzito wa jambo hili aende akaangalie foleni ya kliniki ya magonjwa hayo katika hospitali yoyote.

Lakini katika mkoa wetu kuna jambo zito zaidi la kusemwa kuhusu wembamba, na wanaotuletea ushauri wa kupunguza uzito kutoka Dar es Salaam hawalijui. Njombe ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani wanaishi navyo, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Ugonjwa huu ulipoingia Afrika Mashariki miaka ya themanini, kabla ya dawa, uliwakausha watu mbele ya macho yetu. Mwaka 1985 madaktari walioandika kuuhusu kutoka Uganda waliutaja kwa jina lililotokana na wembamba wenyewe. Sisi tuliozika ndugu hatujasahau. Ndiyo maana hadi leo mwanamke akipungua kilo chache, akifika sokoni anaulizwa kwa sauti ya chini kama yuko salama, na akirudi mnene anapongezwa kwamba mume anamtunza. Nawajua wanawake walioacha kutembea na kurudi kwenye soda kwa sababu hawakuweza kuvumilia macho ya majirani.

Macho hayo yanadanganya. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vizuri hurudisha mwili wake, na baadhi ya dawa za sasa zimeonekana kuongeza uzito kwa watu wengi. Unene leo haumthibitishi mtu kuwa mzima, wala wembamba haumtangazi mgonjwa. Kipimo pekee kinapatikana kituo cha afya, na ni bure. Wakati huo huo, mtu anayekonda bila kubadili chakula wala kazi, hasa akiwa na kikohozi, homa, jasho la usiku au kiu isiyoisha, asifurahie, aende akapimwe. Kifua kikuu kinakondesha, kisukari kinakondesha. Wembamba ninaoutetea ni ule wa mtu mwenye nguvu zake, anayekula akashiba.

Nalazimika kusisitiza neno hilo la kushiba. Mkoa huu unaolisha nchi kwa viazi, mahindi na parachichi una watoto waliodumaa karibu nusu ya wote walio chini ya miaka mitano, wakati kitaifa ni asilimia 30. Takwimu hiyo ya mwaka 2022 inaniuma kuliko zote nilizozitaja. Mama anashinda shambani, mtoto anaachiwa uji mweupe au kiporo cha ugali, mayai na maziwa vinauzwa. Na mtoto aliyedumaa, akija kukulia kwenye mji wa chipsi na soda, mwili wake huwa mwepesi kujaza mafuta tumboni na kupata kisukari. Kwa hiyo asije mtu akasoma safu hii akapunguza chakula cha watoto. Watoto waongezewe: yai, maharage, dagaa, parachichi lile lililoanguka ambalo mnunuzi wa kampuni hakulitaka. Kinachopaswa kupungua nyumbani ni mafuta ya karai na sukari, na hivyo vipungue kwa wote.

Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima ifanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Nililipenda wazo lile na bado nalipenda. Lakini Jumamosi moja haiwezi kurekebisha siku nyingine zote zilizopangwa vibaya. Halmashauri zetu za miji, Njombe na Makambako, zina uwezo wa kufanya jambo la kila siku: njia za waenda kwa miguu zilizotenganishwa na malori. Leo anayetaka kutembea kutoka nyumbani hadi soko la Makambako anatembea huku akigeuka nyuma kila dakika kuangalia lori, na vumbi la upepo wa pale linamjaa machoni. Huyo akipanda bodaboda siwezi kumlaumu. Shule nazo zina uwezo wa kuziondoa soda na chipsi langoni, na wazazi wengi tungeziunga mkono.

Kwa upande wetu wenyewe, nawaomba wenye maduka na ofisi wajaribu machache yanayoirudishia siku umbo lake. Kula asubuhi nyumbani, viazi au uji wa dona au mhogo. Beba chakula cha mchana, maana kande iliyolala inapashwa moto vizuri sana. Soda iwe ya harusi. Jiko lifungwe saa mbili usiku. Kwenye kilima cha kurudi nyumbani, shuka kwenye bodaboda pale chini umalizie kwa miguu.

Halafu kuna viazi. Kina mama wanaouza chai alfajiri pale stendi ya Makambako tayari wana sufuria, wana moto, na viazi wanavipata karibu na shamba kuliko miji mingi mikubwa ya nchi hii. Nimewauliza baadhi yao kwa nini hawavichemshi wakaviweka kando ya chapati. Wananijibu kwamba wateja hawaviulizii. Mimi nimeanza kuviulizia kila nipitapo, na nawaomba wasomaji wangu, wa Makambako na wa Njombe mjini, kaka zangu madereva mkiwemo, mviulizie nanyi kuanzia wiki hii.