Picha Itulizayo Moyo



Vijana wetu wengi wajua leo kutengeneza picha kwa simu: hupanga rangi, huandika maneno, kisha huzitawanya kwa Facebook na WhatsApp. Ni ustadi mwema. Basi kituo cha kutunza wagonjwa wa akili kikimwita kijana wa namna hiyo na kumwambia, «Ututengenezee picha za kutangaza kazi yetu, nazo ziwe zenye kutuliza», yeye hukubali mara moja. Huchagua ua, rangi ya samawati na maneno matamu, kisha asema kazi imekwisha. La, ndugu, kazi haijaanza bado.

Kwanza fikirini ni nani atakayeziona picha hizo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 ya kuwa, kwa hesabu ya mwaka 2019, mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na ugonjwa wa akili. Atakayeziona, basi, ni mama asiyepata usingizi, ameshika simu gizani. Ni baba ambaye mwanawe amebadilika ghafula, naye aona haya kuwauliza majirani. Watu hao hawatafuti mapambo. Wataka kujua kama mlango upo, na kama wakibisha watapokewa kwa heshima. Picha ikiwatisha au ikiwachanganya wataifunga simu, na mgonjwa atabaki nyumbani bila msaada.

Wengi husadiki kwamba rangi peke yake yatosha. Mwaka 1979, mjini Seattle huko Marekani, wakubwa wa gereza moja la wanamaji walipaka chumba rangi ya waridi, wakitumaini kuwapoza wafungwa wakali. Habari ikaenea, na magereza mengine yakaiga, hata Uswisi. Lakini wataalamu walioichunguza rangi hiyo katika gereza moja la Uswisi, wakatoa matokeo yao mwaka 2015, hawakuona kwamba ilipunguza ukali. Tena rangi haina maana moja kwa watu wote: nyeupe ni ya arusi kwa hawa, na ni ya matanga kwa wale. Chagueni rangi mbili au tatu zilizopoa, mzishike kila juma, ili msomaji azitambue kama atambuavyo nyumba ya jirani. Lakini msiziite dawa.

Picha ya miti ina ushahidi ulio bora kidogo. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Madirisha ya 23 yalielekea miti; ya wengine 23 yalielekea ukuta wa matofali. Walioona miti walirudi kwao mapema kidogo, wala hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Hao hawakuwa wagonjwa wa akili, na simu si dirisha. Tusiuvute mfano kupita kiasi. Hata hivyo tumepata sababu njema ya kuweka kivuli cha mwembe au ukingo wa ziwa letu, mahali mtazamaji awezapo kujiona ameketi.

Lakini hata mti mzuri hautulizi kama maneno yaliyo juu yake hayasomeki. Fundi asiye na uzoefu huandika kijivu juu ya samawati hafifu, akidhani huo ndio upole. Kumbe mgonjwa mwenye macho yaliyochoka hukaza macho na kukata tamaa. Kanuni za kimataifa za intaneti zijulikanazo kwa herufi WCAG zataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Zakataza pia kitu kumetameta zaidi ya mara 3 katika sekunde moja, kwa maana jambo hilo laweza kumwamshia mtu kifafa. Wekeni neno moja katika picha moja. Mlirudie kwa maandishi chini yake, ili simu iweze kumsomea kipofu. Tena picha iwe nyepesi, kwa kuwa maskini hununua megabaiti kwa fedha ya unga.

Nayo heshima ya mgonjwa iko juu ya ustadi wote. Usionyeshe uso wake, hata akiwa anatabasamu, isipokuwa yeye mwenyewe amekubali kwa hiari, akili yake ikiwa imetulia, tena akijua kwamba aweza kubadili nia. Neno «wazimu» lisiandikwe. Wala usimweke mtu aliyejishika kichwa kwa mikono miwili: huko Uingereza kampeni ya Time to Change, iliyodumu tangu 2007 hata 2021, iliwaomba wahariri waiache picha hiyo, kwa sababu ugonjwa wa akili hauna sura moja. Onyesha watu wawili wameketi bao moja wakizungumza, au mlango wenyewe wa kituo, ili mgeni akifika autambue.

Mwishowe, picha iseme kweli. Usiahidi kupona kwa siku 3. Andika mahali, siku za kazi, bei ya kuonana na mganga, na saa ambazo ujumbe hujibiwa; kwani mtu aweza kuandika saa nane za usiku, na akingoja bure atadhani amekataliwa. Mwambie pia pa kukimbilia hatari ikiwa kubwa.

Mjini Goma kimejulikana kituo cha wagonjwa wa akili kiitwacho Tulizo Letu. Jina hilo laahidi jambo zito, na kila picha ya kituo cha namna hiyo yaahidi vilevile. Basi enyi wanafunzi, kabla hamjaitawanya picha yenu, mwonyesheni bibi mzee, juani, katika simu yenye kioo kilichopasuka. Mwulizeni: «Nani anasema hapa? Ungekwenda wapi? Angekuwa mwanao, ungeona haya?» Akisita kujibu, rudini mkaitengeneze upya.