Gari juu, mgongo chini!

Jamani vijana wa Ifakara, huu mtindo wa kunyanyua magari unapendeza, sikatai. Lakini nimepanda moja kuelekea Malinyi. Tulipovuka Daraja la Magufuli, lile la mwaka 2018, tukaingia vumbini, figo zikahama makazi!

Kisa? Springi ngumu ni za mzigo, wewe umebeba mshikaji mmoja na redio. Shokapu nazo zimebaki zilezile fupi: gari limepanda, zenyewe zimevutika hadi mwisho, kila shimo zinagonga.

Anza na upepo, hauna gharama. Vumbini shusha toka 35 hadi kama 26, na usikimbize. Ukirudi kwenye lami, jaza. Kisha tafuta shokapu zinazolingana na urefu mpya, na springi za mzigo wako wa kila siku. Bushi zilizokwisha badilisha.

Msidhani ni mambo ya kishua. Bondeni huku mwenye gari ndiye ambulensi ya mtaa. Mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya St. Francis haangalii gari lako refu kiasi gani. Anataka afike salama.

Haya, wiki ijayo!