Barabara zinatengenezwa kwa ajili ya lori, lakini Kalemie inakula kwa kinga

Kila tunapozungumzia barabara hapa Kalemie, tunazungumzia lori. Lori limekwama, lori limepinduka, daraja limekatika na lori halipiti, serikali italeta mashine lini. Redioni kwetu ni hivyo hivyo. Lakini amka saa kumi na moja asubuhi, simama pale barabara ya Bendera inapoingia mjini, uhesabu mwenyewe ni nani anapita. Kinga. Kinga yenye gunia mbili za makala, kinga yenye mihogo, kinga yenye kuku waliofungwa miguu kwenye usukani, kinga yenye mtoto mgonjwa aliyekaa nyuma amemshika baba yake kiunoni. Lori la kwanza litafika baadaye, kama litafika.

Ndiyo maana ninasema, na wasiopenda wapige simu: mtu wa kinga asilipe kitu kwenye bariere yoyote ya jimbo hili, na kila barabara au daraja linalotengenezwa liwe na nafasi yake.

Tuanze na njia zenyewe, maana wengi wanaoamua juu yake wanazipita ndani ya jeep, vioo vimefungwa.

Barabara ya taifa nambari 5 kuelekea kaskazini inaacha mji karibu na ziwa, kisha inaingia milimani hadi Bendera, ambako maji ya mto Kiyimbi yanatupa umeme. Ni zaidi ya kilometa 100. Penye mchanga gurudumu linazama. Penye kilima hakuna anayebaki juu ya kiti. Mtu anafunga kijiti kwenye usukani na kingine nyuma ya kiti, anainama, anasukuma kwa kifua na mabega, na mara nyingi mke wake au mdogo wake anasukuma kwa nyuma. Wale wanaotuona tukilalamika juu ya bei ya makala sokoni wangepaswa kusukuma gunia moja tu, kilima kimoja tu. Na kushuka ni hatari kuliko kupanda. Breki za kinga nyingi zilikufa zamani, kwa hiyo mtu anashuka akikanyaga tairi ya nyuma kwa sandale, mzigo wa kilo mia na zaidi unamsukuma kuelekea chini, na katikati ya njia kuna mfereji uliochimbwa na mvua. Akikutana na lori hapo, ni yeye anayejitupa porini.

Upande wa magharibi, kuelekea Nyunzu, reli ipo tangu 1915, lakini wakati treni haionekani, kinga ndiyo inayobaki. Upande wa kusini, mwenye kwenda Moba anaelekea milima ya Marungu, inayopita meta 2000 juu ya bahari. Ziwa letu liko kwenye meta 770 na kitu. Fanya hesabu ya kupanda mwenyewe.

Njia hizi si mpya. Kabla ya Wabelgiji, misafara ya kutoka Ujiji ilivuka ziwa na kushukia Mtoa, hapo kaskazini yetu, na mizigo ikapanda vilima juu ya vichwa na mabega ya watu. Misafara ile ilikuwa inalipa machifu ili ipite. Malipo hayo yaliitwa hongo. Leo neno hilo lina maana nyingine kwenye kamusi. Njiani sioni tofauti kubwa.

Sasa, ni nani yuko juu ya kinga hizi? Wafanyabiashara wadogo wako, ndiyo. Lakini wengi ni ndugu zetu waliohama makwao. Tangu vita kati ya Watwa na Wabantu vilipochacha mwaka 2016 na 2017, watu wamejaa kandokando ya mji, Katanyika, Kalunga, Kabembe na kwingine. Wengine walirudi vijijini, wakakimbia tena. Ziwa likapanda, likabomoa nyumba za wengine mwaka 2020 na 2021, halafu tena 2024. Mwaka 2025 wakaja wengine kwa mashua kutoka Kivu ya Kusini. Chakula cha mashirika kinakuja leo, kesho hakiji. Basi baba anaazima kinga kwa jirani, anarudi kwenye shamba lake la zamani, analala huko siku mbili tatu kwa hofu, anachimba mihogo, anarudi nayo. Safari hiyo ndiyo inayolisha watoto. Hakuna ripoti inayoiita msaada, lakini ni msaada ambao watu wanajipa wenyewe.

Na safari hiyo ndiyo inayokatwa vipande na kamba. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, kijana mmoja amekaa kivulini, mwingine ana bunduki, mwingine ana kitabu cha risiti ambazo hakuna anayezisoma. Tuseme kila kamba ni franga 500, na njiani kuna kamba sita. Ni 3000 kwa kuja, na wakati mwingine wanataka hata kwa kwenda, kinga ikiwa tupu. Asiye na pesa anaacha mihogo. Asiye na mihogo anaambiwa akate majani kuzunguka kibanda cha shefu. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu zote mbili. Yetu hapa Tanganyika tunaihesabu kwa mifuko yetu.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia mara nyingi kwenye mikrofoni: bariere ni za usalama, na jimbo linahitaji mapato. Haya. Usalama unataka kuangalia mtu na mzigo wake. Hautaki franga 500. Anayetafuta silaha afungue gunia, aangalie, alifunge, amwachie mwenzake aende. Juu ya mapato, FONER iliundwa mwaka 2008 ili wanaotumia barabara wachangie matengenezo yake. Ni wazo zuri. Lakini kinga haichimbi shimo. Lori la tani thelathini ndilo linalochimba shimo, na mwenye kinga ndiye anayeanguka ndani yake. Kumlipisha huyu kwa kosa la yule, hiyo ni hesabu ya wapi?

Mwezi wa tisa mwaka 2025 mashindano ya dunia ya kinga yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Najua jina la mji huo linawauma wasikilizaji wengi wakati huu, na sitawalaumu. Ninataja kitu kimoja tu: wanaume walikimbia kilometa 267,5 za kupanda na kushuka, na waliofika mwisho walikuwa 30 peke yao. Dunia nzima ilisema hao ni majabali. Walikuwa na kinga nyepesi, gari la fundi nyuma yao na maji mkononi. Mtu wa Bendera ana gunia za makala, na akifika mwisho anakuta kamba.

Serikali inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mashine. Daraja la mbao likitengenezwa, mbao za juu zisilazwe kwa urefu na kuacha nafasi ambayo gurudumu linaingia na kubana. Zilazwe kwa kukata njia, zikaribiane. Cantonniers wa vijiji, wale wanaolipwa kufyeka na kuziba mashimo, waambiwe wasafishe pia kijia cha pembeni kwenye vilima vikali, upana wa hatua mbili unatosha. Na mashirika ya kiutu, kabla ya kutuletea tena ndoo na sabuni, yaulize kambini ni familia ngapi zingetaka matairi, minyororo na breki.

Kuhusu kamba, ni barua moja tu ya gavana, isomwe kwa Kiswahili, Kiluba na Kitabwa, ibandikwe kwenye kila bariere mahali ambapo mwenye kinga anaweza kuionyesha kwa kidole. Sisi redioni tutaisoma kila asubuhi bila malipo. Mvua za mwezi wa kumi na moja hazingoji, na mihogo ya mwaka huu imekwisha kuanza kuingia.