Msako wa bodaboda haufiki kwenye shingo ya pikipiki

Kila msako wa bodaboda unapotangazwa huku Pwani, najua mapema polisi watauliza nini: leseni, bima, helmeti, jaketi la kuakisi mwanga, na abiria ni wangapi. Ndivyo sheria inavyosema. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi hilo, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Lakini kifungu cha 55 cha sheria hiyo hiyo kinataka chombo chenyewe kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Hicho sijaona kikitumika kwa bodaboda zaidi ya kutazama taa na tairi.

Mwezi uliopita nilipanda boda Mtwapa kwenda Kikambala. Kila kijana alipokamata breki ya mbele, nilisikia "ko" chini ya usukani. Kwenye matuta ikawa ko-ko-ko. Nikamwuliza, "Kaka, shingo yako vipi?" Akajibu, "Ni shokapu hizo, mzee, zimechoka." Hazikuwa shokapu. Niliendesha pikipiki miaka saba kabla mgongo haujakataa, na mlio ule naujua.

Ndani ya shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, mna beringi mbili, juu na chini: gololi za chuma zilizokaa kwenye vikombe vyenye grisi. Nati inayozibana ikilegea, sehemu yote ya mbele inacheza. Ukifunga breki ghafla inagonga, na ukiwa na mzigo kwenye mwendo mkali usukani unaweza kuanza kutetemeka. Barabara zetu za ndani zenye mashimo huzimaliza upesi, na maji yakiingia grisi ikiwa imekwisha, kutu hufanya iliyobaki.

Kuligundua tatizo hakuhitaji mashine. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mwenzako akalie nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Shika shokapu kwa chini, karibu na ekseli, uvute na kusukuma. Ikicheza, imelegea. Kisha zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukihisi unanasa katikati, vikombe vimechimbika. Hapo kukaza hakusaidii, nunua seti mpya.

Kama havijachimbika, fundi hulegeza nati kubwa ya juu, akakaza ile ya chini yake yenye meno, kidogo kidogo, akijaribu kila mara, kisha akafunga ya juu na kujaribu tena. Mchezo uishe, lakini usukani bado uanguke wenyewe ukiuachia. Mafundi wengi wa kando ya barabara niliowaona hawana spana ya ndoano ya kazi hiyo. Wanagonga nati kwa nyundo na tindo, na wengine huikaza mpaka usukani unakuwa mzito. Pikipiki ya namna hiyo haitulii njiani, inayumba huku na huku, na gololi zenyewe zinachimba vikombe. Mteja amelipa aharibiwe.

Lakini kijana wangu hakukosa fundi. Pikipiki si yake. Mwenyewe anataka shilingi 400 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Wamekubaliana matengenezo madogo ni ya mwendeshaji na makubwa ni ya mwenyewe. Shingo haina mwenyewe. Msako ukimkuta bila jaketi, siku nzima imepotea kituoni, na anatoka akiwa na pesa chache zaidi za kutengeneza chombo. Sisemi polisi waache kazi. Nasema wakikuta pikipiki inagonga, wamtafute mwenye pikipiki pia.

Na vyama vya steji navyo vijiulize. Huchanga haraka mwenzao akilazwa au akifariki, na ni jambo jema. Spana moja ya ndoano ingetosha steji nzima, na ukaguzi wa asubuhi ni dakika mbili kwa kila pikipiki.

Tulipofika Kikambala nilimwomba aiweke kwenye stendi. Nikakalia nyuma, yeye akashika shokapu na kuvuta. Ikagonga. Akavuta tena, akanyamaza. "Nitampigia mwenyewe jioni," akasema. Kabla sijamjibu simu yake ikalia: abiria yuko Mtwapa, ana haraka. Akaondoka nayo vivyo hivyo.