Kuzima si Kuondoa: Simu Isiingie Garini Bila Hodi

Muhula uliopita, walimu wanne tuliabiri gari la mwenzetu kutoka Nakuru kwenda Eldoret kuhudhuria mkutano wa walimu. Mimi nilikaa nyuma, simu yangu ikiwa ndani ya mkoba. Tulipokaribia Timboroa simu hiyo ililia, lakini haikulilia mkobani. Ililia katika vipaza sauti vya gari. Dereva, akidhani kwamba ni yeye anayepigiwa, alibonyeza kitufe kilichoko kwenye usukani kama alivyozoea. Sauti ya mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, ikajaa garini. Hakuuliza kama nilikuwa peke yangu, na angeulizia nini ilhali amepiga simu ya mwalimu wa darasa? Alianza papo hapo kunieleza, huku akilia, sababu iliyomfanya bintiye asirejee shuleni.

Nilimwomba dereva akate. Kufikia wakati alipokipata kitufe cha kukatia, mama yule alikuwa amekwisha kutamka mambo ambayo hayakumhusu mtu mwingine yeyote ndani ya gari lile. Mmoja wa waliosikia humfundisha msichana huyo hisabati. Hadi tulipofika Burnt Forest hakuna aliyefungua kinywa.

Msomaji atauliza simu iliyo mkobani ilipataje kuzungumzia kwenye gari la mtu mwingine. Jibu ni kwamba majuma mawili kabla ya hapo niliwahi kuichomeka simu yangu kwa waya katika gari lilo hilo ili ipate moto. Kioo cha simu kiliniuliza jambo, nami, kama wafanyavyo wengi wetu, nilibonyeza kukubali bila kusoma. Kosa hilo ni langu na silikani. Nilichokikubali ni programu iitwayo Android Auto, ambayo kazi yake ni kuiunganisha simu na gari, ramani, muziki, ujumbe na mazungumzo ya simu vikahamia kwenye kioo na vipaza sauti vya gari. Magari ya siku hizi huweza kuunganishwa hata bila waya. Siku ya safari simu ya dereva ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, nalo gari lilipowashwa likatafuta simu nyingine linayoijua. Likaikuta yangu.

Programu hizi si za jana. Kampuni ya Apple ilitangaza yake, CarPlay, mwaka wa 2014, nayo Google ikatangaza Android Auto mwaka huo huo na kuitoa kwa umma mwaka wa 2015. Mwanzoni Android Auto ilikuwa programu kama programu nyinginezo: aliyeitaka aliipakua, na aliyechoshwa nayo aliifuta. Mambo yalibadilika mwaka wa 2019, toleo la kumi la Android lilipotoka. Tangu hapo programu hii huja ikiwa imeshonwa ndani ya mfumo wa simu wenyewe, awe mnunuzi ana gari au huenda kazini kwa miguu.

Niliporejea nyumbani usiku ule niliazimia kuifuta. Nilitafuta neno "ondoa" nisilione. Nililoliona ni "zima." Nikabonyeza, simu ikanionya kwamba huenda programu nyingine zisifanye kazi ipasavyo, kisha ikatii. Hapa nitawaomba wanafunzi wa Kiswahili tuvumiliane kidogo, maana suala lenyewe ni la msamiati kabla ya kuwa la ufundi. Kuzima taa si kuitoa nyumbani. Taa iliyozimwa ingali ukutani, na yeyote apitaye anaweza kuiwasha. Programu iliyozimwa ingali imekalia nafasi katika simu uliyoinunua kwa pesa zako, na siku utakapoirejesha simu katika hali yake ya kiwandani, itafufuka. Wako mafundi wanaoiunganisha simu na tarakilishi na kuiamuru imwondolee mtumiaji programu hiyo, lakini hata hao huiacha nakala yake katika sehemu ya mfumo isiyoguswa. Mwenye simu hapewi neno "ondoa" kwa sababu kuna aliyeamua kwamba hapaswi kuwa nalo.

Jambo hili ndilo linalonikera kuliko hata fedheha niliyoipata Timboroa. Umoja wa Ulaya uliliona mapema kuliko sisi. Katika sheria yake ya masoko ya kidijitali ya mwaka wa 2022, ambayo masharti yake yalianza kuyabana makampuni makubwa mwezi Machi 2024, makampuni hayo yanatakiwa kumwezesha mtumiaji kuziondoa kwa urahisi programu zilizokuja na kifaa, isipokuwa zile ambazo kifaa hakiwezi kufanya kazi bila hizo. Sidhani kuna fundi atakayesimama mbele ya watu na kuapa kwamba simu ya mwalimu asiye na gari haiwezi kufanya kazi bila Android Auto. Wabunge wetu, ambao hawachelewi kuiga ya Ulaya yanapohusu kodi, wangeiga na hili.

Wapo watakaoniambia kwamba naipiga vita programu inayookoa maisha, kwa kuwa ni heri dereva aitazame ramani kwenye kioo cha gari kuliko kuishika simu mkononi. Hoja hiyo ina uzito. Nchini mwetu kutumia simu ya mkononi huku gari likienda ni kosa ambalo kanuni za mwaka wa 2016 zililitoza faini ya shilingi 2,000, na kila asafiriye kwa matatu ameshuhudia jinsi sheria hiyo inavyodharauliwa. Walakini utafiti hauungi mkono hoja hiyo kwa kiasi ambacho wauzaji wangependa. Mwaka wa 2020 shirika la IAM RoadSmart la Uingereza lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa madereva katika mtambo wa kuigiza uendeshaji. Waliotumia CarPlay kwa kugusa kioo walichelewa kuitikia jambo lililotokea mbele yao kwa asilimia 57, na wa Android Auto kwa asilimia 53. Waliotumia sauti pekee walichelewa kwa asilimia 36 na 30. Sasa linganisha: katika majaribio ya awali, dereva aliyekunywa pombe hadi kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya Uingereza alichelewa kwa asilimia 12, na aliyekuwa akiandika ujumbe kwenye simu kwa asilimia 35. Yaani anayekigusa kioo cha gari alifanya vibaya kuliko mlevi.

Hata kusema na gari hakumwachi dereva huru mara moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, katika kazi waliyoifanyia wakfu wa usalama barabarani wa AAA wa Marekani, walionyesha mwaka wa 2015 kwamba akili ya dereva inaweza kubaki imetekwa hadi sekunde 27 baada ya kumaliza kuamuru kwa sauti. Walimu wa hisabati wawape wanafunzi hesabu hii: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa litasafiri umbali gani kwa sekunde 27? Ni mita 600. Katika mteremko wa Timboroa mita 600 zina kona ngapi?

Nikirejea kwa yule mama: gari lilijua nini kuhusu simu yangu, kando na kuipokelea? Tusiyaseme yasiyokuwapo. Android Auto hufanya kazi ndani ya simu, na kioo cha gari ni kama ukuta wa sinema tu. Lakini mazungumzo ya simu hupitia Bluetooth, na katika kuunganishwa huko gari huweza kuomba linakili orodha ya majina na nambari zilizomo simuni. Ukikubali, orodha hiyo huweza kubaki garini baada yako. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwaonya wakodishaji wa magari kuhusu jambo hili tangu mwaka wa 2016. Mwaka wa 2023 wakfu wa Mozilla ulichunguza kampuni 25 za magari kuhusu namna zinavyotunza siri za wateja, na hakuna hata moja iliyofaulu.

Hapa Kenya jambo hili litazidi kutugusa kwa sababu magari mengi tununuayo ni yale yaliyokwisha kutumika kwingine, yasiyozidi umri wa miaka minane. Yale ya zamani yalitujia na redio zizungumzazo Kijapani, tukacheka. Yanayoshuka bandarini Mombasa sasa yaliundwa baada ya programu hizi kuenea. Aidha mwalimu hubeba simuni nambari za wazazi wa darasa zima, na pengine habari za wanafunzi ambao bado ni watoto, habari ambazo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka azihifadhi kwa makini. Anapoichomeka simu hiyo katika gari la mtu ili ipate moto, anaichomeka pamoja na wote hao.

Maadamu hatujapewa uwezo wa kuondoa, angalau tujue kuzima. Katika simu nyingi za Android fungua mipangilio, uende palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa, kisha mapendeleo ya muunganisho, na hapo utaikuta Android Auto. Ndani yake mna orodha ya magari ambayo simu imewahi kuyajua. Yafute. Ikataze kuongeza magari mapya, uikataze pia kujianzisha yenyewe. Asiyeihitaji kabisa aende kwenye orodha ya programu aizime huko. Majina ya vifungu hutofautiana kidogo baina ya watengenezaji. Mwenye iPhone aingie katika mipangilio ya jumla, atafute CarPlay, achague gari na kuiamuru simu ilisahau. Akitaka kuizima yote atapata njia katika sehemu ya kudhibiti muda na matumizi ya simu, kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa. Na kwa kuchaji tu, chomeka waya katika kile kitundu cha kiberiti cha sigara, ambacho hutoa umeme bila kuuliza maswali.

Nisisahau kutaja kwamba kampuni ya General Motors ilitangaza mwaka wa 2023 kwamba itaziacha programu zote mbili katika magari yake mapya ya umeme. Wengine walishangilia. Mimi sikushangilia, kwani kampuni kumwondolea mteja kitu anachokitaka na kampuni kumkatalia kukiondoa asichokitaka ni tabia ile ile.

Jumamosi iliyopita nilimtembelea mwenzangu mwenye gari, tukakaa ndani yake likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, tukafungua orodha ya simu zilizowahi kuunganishwa. Zilikuwa saba. Yangu ilikuwamo, ya mkewe ilikuwamo, na mbili hakuzitambua kamwe; gari hilo alilinunua kwa mtu. Tulizifuta moja baada ya nyingine, tukabakiza yake na ya mkewe.

Yule mama nilimpigia jioni ile ile ya safari, nikamweleza kwamba aliyoyasema yalisikika, na waliomsikia ni akina nani. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Bintiye alirejea shuleni juma la tatu la muhula. Lakini mama mwenyewe hanipigii simu tena. Akiwa na neno, hupanda matatu kutoka Molo, akangoja nje ya chumba cha walimu hadi kengele ya mapumziko ilie.