Bibi Anaona Watoto Wasiokuwepo



Siku moja tulikuwa tukiwatembelea wazee wa usharika, mimi na wenzangu wawili wa kikundi cha wanawake. Katika nyumba moja binti wa bibi tuliyemfuata alitupokea nje, akatuamkia, kisha akatunong'oneza: "Mama zangu, kabla hamjaingia, naomba mjue kwamba mama ameanza kuona vitu."

Vitu vyenyewe ni watoto wadogo waliovaa nguo nyeupe. Jioni, mwanga unapopungua, huketi kwa mstari kando ya ukuta, wala hawasemi neno. Mara nyingine ukuta wenyewe huota maua. Wajukuu walikuwa wameacha kulala chumbani kwa bibi yao, na jirani alikwisha kutoa maneno yake kuhusu watoto hao ni wa nani na wanatumwa wapi usiku. Ndugu walikesha wakimwombea atolewe pepo, bibi akapiga magoti hadi yakavimba. Kesho yake jioni watoto walikuwa palepale. Kuanzia hapo bibi akaamua kunyamaza.

Nilikaa naye kitandani, nikamwuliza polepole, "Bibi, hao watoto ni wa kweli?" Akacheka kidogo. "Si wa kweli, mwanangu. Paka anapita katikati yao na hawasogei. Lakini nawaona."

Jibu hilo, pamoja na mboni zake mbili nyeupe kwa mtoto wa jicho, lilinieleza mengi. Ili na wewe uelewe, chukua daftari la mwanao tufanye jambo dogo.

Chora msalaba mdogo upande wa kushoto wa ukurasa. Kulia kwake, umbali wa sentimita 8, weka doa jeusi lenye ukubwa wa harage. Funika jicho la kushoto kwa kiganja, kaza jicho la kulia kwenye ule msalaba, usilihamishe. Sasa isogeze karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 hivi, doa litatoweka. Ukiendelea kuisogeza, litarudi. (Usikate tamaa likigoma mara ya kwanza, jicho hupenda kuchungulia.)

Nyuma ya jicho kuna ngozi laini inayopokea mwanga, na pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo, ngozi hiyo haina uwezo wa kuona. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua jambo hili miaka ya 1660. Lakini angalia tena: doa lilipotoweka, hukuona shimo jeusi. Uliona karatasi, na kama daftari lina mistari, pengine uliona mistari inapita bila kukatika. Nani aliichora? Ni ubongo wako. Ulikosa habari kutoka kwenye jicho, ukashona kiraka kwa kitambaa kilichokuwa jirani. Sisi sote tunatembea na kiraka hicho katika kila jicho tangu kuzaliwa.

Ikiwa ubongo hushona kiraka kwa doa la harage, utafanya nini jicho linapozibwa karibu lote? Shamba lisilopandwa halikai wazi, huota lenyewe. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha kutwa nzima inapoachwa na njaa, huanza kutoa picha zake: nyuso, watoto, maua, wanyama, mistari kama ya vitenge. Sisi wauguzi tunajua ndugu yake jambo hili: mgonjwa aliyekatwa mguu anakuomba umkune kidole ambacho hakipo. Hatumwiti mwongo.

Hali ya bibi ina jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva. Mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa akikaribia miaka 90, macho yamefifia. Aliona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi na majumba, na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Huwapata watu wenye mtoto wa jicho, presha ya macho, macho yaliyoharibiwa na kisukari, au ugonjwa wa uzee unaokula katikati ya jicho.

Alama zake ni hizi: picha hazina sauti, na mzee mwenyewe akiulizwa kwa upole hujua, au hukubali akielezwa, kwamba si za kweli. Lakini akisikia sauti zinazomsemesha, akiwa na homa, akichanganyikiwa ghafla na kusahau yuko wapi, akianza dawa mpya, au upande mmoja wa mwili ukilegea, hilo ni jambo lingine. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Picha zikimjia, washa taa. Mwambie apepese macho, atazame kushoto na kulia mara kadhaa bila kugeuza kichwa, au asimame. Mara nyingi hutawanyika. Kisha mpelekeni kwa daktari wa macho, maana mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wamewafanyia wengi.

Sipingi maombi, mimi mwenyewe naishi kwa hayo. Ila nakumbuka yule kipofu wa Bethsaida katika Marko sura ya 8. Baada ya kuguswa mara ya kwanza alisema wazi kwamba watu anawaona kama miti, na hakukemewa kwa kusema hivyo. Aliguswa tena. Bibi yetu alisema ukweli, akapigishwa magoti. Na tusisahau yaliyotokea Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Neno la jirani kuhusu bibi na watoto wa usiku si la kuchekea.

Nilimwita binti na wajukuu, tukafanya lile jambo la daftari wote pamoja. Mjukuu mkubwa alilirudia mara nne. Jioni ile alilala chumbani kwa bibi yake.

Fedha za nauli na matibabu zilipatikana baada ya miezi mitatu, nyingine kwa mchango wa akina mama. Alifanyiwa jicho moja. Watoto wa nguo nyeupe aliwaona tena siku chache, hawakurudi. Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni akiutazama ukuta kwa muda mrefu, akauliza nani aliupaka rangi ya kijani. Ulikuwa wa kijani kwa miaka sita.